Mawimbi ya Nyali yanatoka ukungu mtupu: kamera isogezwe vipi?

*"Napiga picha za harusi na hafla hapa Mombasa, lakini moyo wangu uko baharini. Nimeona picha za mawimbi zilizo kama mchoro, mistari laini ya buluu na nyeupe, hakuna tone hata moja linaloonekana, na nimeambiwa zinapigwa kwa kutikisa kamera. Nimejaribu pale Nyali asubuhi saa mbili, saa tatu, kasi ya shata nusu sekunde. Natikisa, na ninachopata ni weupe mtupu au ukungu unaoonekana kama makosa. Kwenye kompyuta naongeza ukali na rangi, inazidi kuharibika, anga linatoka milia. Rafiki yangu ananiambia niache kujisumbua: nipige picha ya kawaida, kisha nitumie ukungu wa kompyuta, hakuna atakayejua. Kamera yangu ni ya kihisi kidogo, pikseli milioni 24, nina lenzi za 18–55 na 55–250, sina filta. Hoteli moja imeniuliza kama naweza kuwatengenezea picha kubwa za ukutani. Nakosea wapi, na je, rafiki yangu yuko sahihi?"*

Ndugu yangu, nikikuelewa vizuri, una maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kwa nini mwanga unakushinda, kwa nini mwendo wa mkono wako haujengi picha, na kama kompyuta inaweza kukuokoa baadaye. Vifaa ulivyo navyo vinatosha. Kinachokuponza ni lile neno uliloambiwa, "kutikisa". Picha hizi hazipigwi kwa kutikisa kamera hata kidogo. Zinapigwa kwa kuizungusha kamera kwa upande mmoja, taratibu, kwa mstari ulionyooka, huku shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikiwa wazi.

Tuangalie kinachotokea ndani ya kamera. Shata ikifunguka kwa robo sekunde, kila nukta ya mwanga iliyo mbele yako inaanguka juu ya kihisi, ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Kamera ikitulia, nukta inabaki nukta. Kamera ikizunguka kwenda kulia, nukta hiyo inachora mstari kuelekea upande wa pili. Sasa itazame bahari yenyewe. Upeo wa macho umelala. Mgongo wa wimbi kabla ya kuvunjika umelala. Ukingo wa povu pale linapokutana na maji ya kijani umelala, na hata alama ya maji juu ya mchanga uliolowa imelala. Ukizungusha kamera kwa mlalo, kila mstari uliolala unajirudia juu yake wenyewe, kwa hiyo unabaki. Kinachofutika ni kila kitu kilichosimama: matone, vijiwimbi, mtu anayetembea, mlingoti wa ngalawa. Picha inabaki na mifupa ya bahari. Ni sawa na kupaka chokaa ukutani kwa brashi pana: mkono ukifuata upande mmoja ukuta unatoka laini, ukienda huku na huku unaona mabaka.

Ukitikisa, kamera inapanda na kushuka wakati huo huo inapokwenda kando. Upeo wa macho unakuwa mkanda mnene wa kijivu, povu linachanganyika na maji, maji yanachanganyika na anga, na jicho linakosa pa kushika. Mtazamaji akisema picha ina makosa, hakosei.

Tuweke hesabu kidogo, kwa sababu itakusaidia zaidi ya maneno. Kwa kamera yako, lenzi ikiwa kwenye milimita 55, fremu inachukua takriban nyuzi 23 kwa upana, nayo ina pikseli 6000. Hivyo kila nyuzi moja ya mzunguko ni pikseli 260 hivi. Ukizungusha kiuno kwa mwendo wa nyuzi 20 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa utulivu kabisa, na shata ikiwa moja ya tano ya sekunde, umezunguka nyuzi nne: kila nukta imechora mstari wa pikseli elfu moja na ushei, yaani sehemu ya sita ya fremu. Huo ni mvuto mzuri, mistari inakuwa laini lakini umbo la wimbi bado linajulikana. Sasa vuta lenzi hadi milimita 200 bila kubadilisha mwendo wa mkono. Mstari ule ule unakuwa mrefu karibu mara nne, zaidi ya nusu ya fremu, na wimbi limekwisha kuyeyuka. Na kule kupanda na kushuka kwa nusu nyuzi tu, ambako hukuhisi mkononi, kwenye milimita 55 kumeshanenepesha upeo wa macho kwa pikseli 130. Anza na lenzi yako ndefu kati ya milimita 55 na 100. Hizo 200 ziache mpaka mkono uzoee.

Kuhusu weupe mtupu, jibu ni jua. Saa tatu asubuhi pwani kwetu jua limeshachacha. Kwa ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kihisi kupokea mwanga, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/22 (namba kubwa ni tundu dogo), picha iliyo sawa inataka shata ya karibu 1/50. Wewe uliiacha wazi nusu sekunde, kwa hiyo kihisi kilipokea mwanga mara ishirini na tano hivi ya uliohitajika. Hakuna uhariri wa kurudisha hicho, kwa sababu hakuna kilichoandikwa ndani ya faili zaidi ya nyeupe.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo haina gharama: badilisha saa. Nyali inatazama mashariki, na jua la karibu na ikweta linapanda wima, kwa hiyo mwanga wa alfajiri unadumu dakika ishirini na kidogo tu kabla jua halijachomoza. Uwe umeshafika, umeshajipanga, kamera iko mkononi. Kwenye mwanga huo ISO 100, f/11 na robo sekunde ni pa kuanzia pazuri, kisha unafupisha shata kadiri kunavyokucha. Jua likishatoka, nenda f/16 na 1/15, na baada ya muda mfupi funga begi. Jioni pia usiidharau. Jua likiwa nyuma ya minazi na majumba ya ufukweni, kivuli kinatangulia kuingia majini huku mawimbi ya mbali yakiwa bado na mwanga, na unapata mikanda miwili ya rangi ambayo alfajiri haikupi.

Njia ya pili ni filta ya kupunguza mwanga, ile wanayoiita ND. Ya ND8 inakata mwanga hadi sehemu ya nane, ND64 hadi sehemu ya sitini na nne. Ukiwa na ND64 unaweza kupiga jua kali kwa f/8 na 1/6 ya sekunde. Ukipata ya kununua moja tu, nunua hiyo, na uchague ya kioo kizuri, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa huacha rangi ya udongo juu ya picha nzima. Filta za kuzungusha zinazobadilisha giza zinavutia kwa urahisi wake, ila zikifikishwa mwisho hutia msalaba mweusi katikati ya fremu, na kwenye picha laini kama hizi msalaba huo unaonekana waziwazi. Kwa sasa, kabla hoteli haijakulipa, alfajiri inakutosha.

Kitu kingine ambacho wapigapicha wengi wa harusi hawakijali ni maji yenyewe. Pwani yetu ina mwamba. Maji yakiwa yamekupwa, mawimbi yanavunjikia huko mbali, na mbele yako una kidimbwi kilichotulia na mwani uliolala. Utazungusha kamera utakavyo, hakuna wimbi. Yakijaa, mawimbi yanaruka mwamba na kuja kuvunjikia mchangani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa hiyo kunapopambazuka yanakuwa yanaanza kushuka. Hapo ndipo pazuri kuliko pote: mawimbi bado yanafika, na kila moja likirudi linaacha mchanga uliolowa unaoakisi rangi ya anga. Siku za maji mafu, kujaa kunaangukia katikati ya asubuhi, na alfajiri unakuta bahari iko mbali. Wakati wa upepo wa kusi bahari inachafuka, mawingu yanakuja na mwani mwingi unatupwa ufukweni. Usiukimbie huo mwani, kwani ule mstari wake mweusi ukizungushiwa kamera unakuwa msingi mzito chini ya picha. Kaskazi inakupa maji ya kijani na anga safi, picha nyepesi zaidi. Ukiwa na shaka kuhusu maji, muulize mvuvi yeyote pale, atakupa saa bila kutazama simu.

Sasa mkono. Simama miguu ikiwa imeachana, viwiko vimebana mbavuni. Elekeza kiuno kule unakotaka kumalizia, kisha jipinde urudi kule unakoanzia, ili mwili ukijifungua wenyewe upite katikati ukiwa huru. Anza kuzunguka kabla ya kubonyeza, bonyeza ukiwa tayari kwenye mwendo, na uendelee kuzunguka baada ya shata kufunga. Wengi wanaanza mwendo na kubonyeza kwa pamoja, ndiyo maana mwanzo wa mstari unakuwa na kifundo. Zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi, maana kazi yake ni kupinga mwendo, na utakuwa unashindana nacho. Fokasi iweke kwa mkono pale wimbi linapovunjika kisha usiiguse. Mizani ya rangi nayo ifunge, tuseme Kelvin 5200, isije kamera ikabadilisha rangi kati ya picha na picha. Tripodi inasaidia kwa upeo wa macho ulionyooka, mradi sehemu ya kuzunguka iwe sawasawa kabisa na ardhi. Ikiinama kidogo tu, kamera itapanda mlima badala ya kwenda kando. Mimi napendelea mikono mitupu, kwa sababu wimbi halina subira na tripodi mchangani inazama.

Usibonyeze ovyo. Tazama wimbi likiumuka, bonyeza pale mgongo wake unapoanza kuvunjika lakini bado kuna kijani kinachong'aa ndani yake. Hapo una mistari mitatu yenye thamani tofauti: anga, mwili wa wimbi, povu. Povu likishatawanyika kila mahali, huna tena mistari, una maziwa. Shata ya 1/15 inaacha umbo la wimbi na nyuzinyuzi za povu. Nusu sekunde inaacha rangi peke yake. Kati ya 1/8 na robo ndipo penye picha nyingi nzuri, na utatupa nyingi kabla ya kupata moja. Tupa bila huruma.

Rafiki yako sasa. Kuna jambo dogo yuko sahihi: mikanda mitupu ya rangi, bila povu, kompyuta inaweza kuikaribia. Lakini kwa wimbi lenye povu na mwanga, hapana, na sababu yake ni ya kifizikia. Tone la povu linalorudisha jua linaweza kuwa na mwanga mara nyingi zaidi ya kile kiwango ambacho kamera inakiita nyeupe. Ukipiga picha ya kawaida, tone hilo linakatwa pale pale kwenye nyeupe, na mwanga wa ziada umepotea. Kompyuta ikija kulivuta, inagawanya nyeupe hiyo ndogo kwa pikseli elfu moja, na unapata kijivu kilichokufa. Kamera ikizunguka kweli, tone lile lile linatawanya mwanga wake wote njiani, na linachora uzi unaong'aa. Tazama kwa karibu picha yoyote iliyopigwa kwa mkono na utaziona nyuzi hizo, nyingine nene, nyingine zimekatika katikati kwa sababu tone lilianguka kabla shata haijafunga.

Isitoshe, kompyuta inavuta kila kitu kwa kiasi kile kile na upande ule ule. Baharini kuna mienendo miwili kwa pamoja: wa mkono wako na wa wimbi lenyewe linalokujia na kupanda. Ndiyo maana povu kwenye picha ya kweli lina kijipinda kidogo, na kijipinda hicho ndicho kinachomfanya mtu ahisi maji. Ernst Haas, mpigapicha aliyezaliwa Vienna, alipopiga mapigano ya mafahali Hispania kwa shata ya polepole katika miaka ya 1950, nguvu ya picha zile ilikuwa hapo: fahali, mtu na nguo havikwenda kwa mwendo mmoja. Hakuna kitufe kinachojua hilo.

Tuje kwenye uhariri, ambapo umekuwa ukiumia. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, siyo JPEG, faili iliyokwisha kubanwa. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ina maelfu. Picha ya harusi yenye kitambaa na nyuso inavumilia ngazi chache, lakini anga laini linalobadilika taratibu kutoka rangi ya chungwa hadi buluu likivutwa kidogo tu linafunguka milia, na hiyo ndiyo milia uliyoiona. Fanya kazi kwenye biti 16 mpaka mwisho. Kama huna programu ya kulipia, darktable ni ya bure na inatosha.

Ukali usiuguse. Hakuna ukingo mkali wa kunoa hapo, kwa hiyo programu inanoa punje za kelele. Jambo la kwanza kufanya ni kunyoosha upeo wa macho, maana mtu anavumilia picha isiyo na umbo lakini havumilii bahari inayomwagika upande mmoja. La pili, kuza picha hadi asilimia mia na uipitie yote ukitafuta vumbi. Vumbi lililo juu ya kihisi linazunguka pamoja na kamera, kwa hiyo wakati bahari nzima imekuwa laini, lenyewe linabaki doa jeusi, hasa ukiwa umebana tundu hadi f/16. Yafute moja moja. Doa jeupe pana lenye ukungu ni kitu kingine, ni tone la maji ya chumvi mbele ya lenzi, nalo ni gumu kufutika, kwa hiyo futa lenzi kila baada ya mawimbi machache.

Baada ya hapo kazi kubwa ni mwanga, si rangi. Chukulia picha ya alfajiri yenye anga la kijivu juu, mwili wa wimbi wa kijani kizito katikati na povu chini. Ikitoka kwenye kamera itaonekana bapa, kwa sababu mwendo umechanganya mwanga na kivuli. Inamisha kivuli kidogo kwenye mkunjo wa toni, ule mstari wa programu unaopanga mwanga na kivuli, inua mwanga kidogo, mkunjo uwe wa taratibu. Kisha kwa brashi pana na laini, angaza ule uzi wa povu unaopita mbele ya kijani, na tia giza sehemu ya chini ya wimbi. Usiangaze povu lote, chagua mstari mmoja uongoze. Kwenye rangi, ongeza kijani peke yake kwa kiasi, buluu iache. Kile kitelezi cha kuondoa ukungu wa hewa kiogope, kinakaza picha haraka na kinarudisha milia. Mwishoni tia punje laini kidogo juu ya picha nzima, zinafunika mabadiliko ya ngazi na zinasaidia sana karatasini.

Umeuliza bila kusema wazi kama huu ni udanganyifu. Kwangu siyo, mradi unaiuza kama picha ya sanaa na mteja akiuliza unamweleza ulivyoitengeneza. Ukiitumia ukungu wa kompyuta na kusema ni kazi ya kamera, hapo umesema uongo kwa mtu anayekulipa.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia. Kama madoa yanaonekana mahali pale pale kwenye kila picha hata baada ya kupuliza hewa, peleka kamera kwa fundi asafishe kihisi, usikiguse kwa kitambaa cha nyumbani. Kamera ikiingia maji ya chumvi, itoe betri, usijaribu kuiwasha uone kama inafanya kazi, ifikishe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi inaendelea kula nyaya hata ikikauka. Na kama baada ya wiki kadhaa mistari bado inakupinda, tafuta mpigapicha mwenzako mwenye uzoefu akusimamie ubavuni ufukweni asubuhi moja. Kosa la kiuno au la bega linaonekana kwa macho mara moja, kwenye picha ni la kubahatisha.

Kuhusu hoteli, faili yako ya pikseli 6000 inatoa inchi 20 kwa nukta 300 kwa kila inchi, lakini picha hizi hazina vitu vidogo vya kupotea, kwa hiyo hata nukta 150, yaani inchi 40, zinakaa vizuri. Pendekeza karatasi isiyong'aa au turubai, maana kioo kinachomeremeta kinarudisha taa za ukumbi juu ya bahari yako. Kabla ya kukubali bei, nenda kwa mchapishaji uzungumze naye ana kwa ana, umwombe kipande cha majaribio cha A4, kisha ukipeleke kwenye ukuta wenyewe usiku, taa za hoteli zikiwa zimewashwa. Kama kijani cha wimbi kimegeuka cheusi, kioo cha kompyuta yako kilikuwa na mwanga mkali mno ulipokuwa unahariri. Ushushe, uihariri upya, uchapishe kipande kingine.